Kitabu cha Wageni cha Mama Studio

Mtu aliyeingia kwa Mama Studio kupigwa picha ya pasipoti alitoka na picha nne na habari za mtu wa mbali ambaye hakuwa amemwulizia. Ulikaa kwenye stuli, pazia jeupe nyuma yako, naye akikunyoosha kola alikuambia, "Kuna mwanamume huko Japani anapiganga migongo ya watu tu. Hapigi uso. Inua kidevu." Ulipofungua mdomo kuuliza kwa nini migongo, picha ilikuwa imeshapigwa. Ndiyo sababu watu wengi wa Khayega, ukitazama vyeti na fomu zao, wana sura ya mtu aliyekuwa karibu kuuliza jambo.

Jina lake nililijua lakini sikuwahi kulitumia, na sioni sababu ya kuanza leo. Stendi ya boda walimwita Mama Studio, kanisani Mama Studio, na hata mpinzani wake wa ng'ambo ya barabara, ambaye studio yake ilikuwa na kioo kikubwa na taa za rangi, alimwita hivyo hivyo. Picha pekee ya Mama Studio niliyowahi kuiona ilipigwa na mpinzani huyo. Nilipomwuliza kwa nini alienda kule, alisema kwake kulikuwa na foleni. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Foleni ilikuwa mimi.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya mvua. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, naendesha pikipiki ya mtu mwingine kati ya Khayega na Shinyalu, baada ya kuacha kukata miwa upande wa Mumias, na kabla ya hapo kuacha mambo mengine. Shule niliiacha darasa la saba. Hakuna aliyenifukuza, dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Mvua ya saa tisa iliponikuta mbele ya studio niliingia, nikakaa kwenye benchi la wateja, na kwa kuwa siwezi kukaa bila kushika kitu, nikashika daftari kubwa jeusi lililokuwa mezani. Kilikuwa kitabu cha wageni, aina ile inayowekwa ofisini kwa chifu na kwenye mazishi, chenye safu za jina, anakotoka, maoni na sahihi.

Nilidhani nitakuta majina ya wateja. Kila ukurasa ulikuwa na picha ndogo nne au tano zilizobandikwa kwa gundi, na mbele ya kila picha mwandiko wa kalamu ya bluu. Jina: Mjapani wa Migongo. Anakotoka: Japani. Maoni: Ama anaogopa watu, ama watu wanamwogopa. Chini yake, jina: Yule wa Uzi. Anakotoka: Peru, au karibu na hapo. Maoni: Anashona juu ya picha kwa uzi mwekundu. Lazima mama yake alikuwa na cherehani. Safu ya sahihi ilikuwa tupu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hawa wageni wanakujanga lini?" nilimwuliza.

"Hawajakuja. Mimi ndiye nawaona. Wao hawajui."

"Basi ni wageni wa namna gani?"

"Kijana, wewe umeingia hapa kwa sababu ya mvua na umekaa kwa benchi yangu bila kuambiwa. Wewe ni mgeni wa namna gani?"

Mvua iliisha. Nilibaki mpaka akafunga.

Kuwapata kwake wageni hao kulitokana na printa mbovu. Kila picha aliyoichapa ilitoka na mstari mweusi katikati, naye akaingia kwenye intaneti kutafuta dawa. Badala ya dawa akampata mwanamume wa Ghana aliyepiga picha za mafundi cherehani waliolala juu ya mashine zao, vichwa vimeangukia vitambaa, mguu mmoja bado uko kwenye kanyagio. Alizitazama mchana kutwa. Kutoka kwa huyo alipelekwa kwa mwingine, na kwa mwingine, kama mtu anayeonyeshwa nyumba kwa nyumba katika kijiji kigeni. Hakutafuta walio maarufu. Hakujua nani ni maarufu. Ule mstari mweusi uliendelea kutokea kwa miezi miwili, na wateja waliuzoea.

Namna yake ya kuwachapa ndiyo iliyonishangaza zaidi. Karatasi ya picha ni ghali, na ukichapa picha nne za pasipoti za mteja, pembeni hubaki nafasi. Nafasi hiyo studio nyingine huikata na kuitupa. Mama Studio aliweka hapo mgeni. Kwa hiyo wasanii wa dunia nzima waliingia Khayega wakiwa na ukubwa wa pasipoti, akiwemo bwana mmoja wa Brazili ambaye kazi yake ni kuchora nyuso za watu kwenye kuta za maghorofa, uso mmoja orofa kumi. Huyo naye alipata sentimita zake tatu na nusu. Mara moja mkasi ulikosea, na mwalimu mmoja akapeleka fomu zake Kakamega mjini zikiwa na picha tatu za uso wake na moja ya farasi kwenye theluji. Fomu zilipokelewa.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia siku nzima: "Kushoto kwako, si kwangu." Mpiga picha akikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako, na ukimwambia mteja ageuke kushoto bila kumweleza, atazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Kwa hiyo Mama Studio alijifunza kuhesabu kila kitu kutoka upande wa anayepigwa. Alifanya hivyo hata sokoni. Ukimwuliza mwenye nyanya nzuri ni yupi, alisema wa pili kulia, nawe ukaenda kwa mwingine kabisa, kwa sababu alimaanisha kulia kwa wauzaji. "Mpiga picha akihesabu kutoka upande wake," aliniambia, "anajipiga mwenyewe."

Kwa upande mwingine alikuwa mtu wa kujipinga bila aibu. Aliwasifu wengi wa wageni wake kwa kutogusa picha, kwa kuacha kovu likae na jino lililong'oka liendelee kukosekana. Baada ya kusema hivyo aligeukia kompyuta na kumvalisha marehemu suti. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Kwetu mtu anaweza kuishi miaka themanini bila picha, lakini hawezi kuzikwa bila picha. Lazima iwepo ya kuweka juu ya jeneza na ya kuchapa kwenye programu ya mazishi. Basi watu walikuja na picha ya harusi ya mtu mwingine, ambamo marehemu anaonekana nyuma, ameshika soda, na Mama Studio alikitoa kichwa hicho na kukiweka juu ya koti. Alikuwa na makoti matatu kwenye kompyuta. Lililopendwa ni la bluu, la bwana harusi mmoja wa Shinyalu. Ndani ya wiki mbili nilihudhuria mazishi matatu na marehemu wote walikuwa wamevaa koti la yule bwana harusi, ambaye mwenyewe alikuwa mzima, anauza simu.

"Picha haidanganyi," alisema Mama Studio, akimtafutia mzee tai.

"Na hiyo tai?"

"Tai si uso. Nyamaza."

Wageni wake hakuwatazama tu, aliwafuata. Jumamosi moja ya mashindano ya mafahali, mwenye fahali mmoja alimwajiri ampigie picha za ushindi. Nilimpeleka kwa pikipiki asubuhi mapema. Watu walikuwa wengi, ngoma za isukuti zinalia, fahali wawili wamefunga pembe, vumbi juu. Mama Studio aligeuza kamera na kupiga migongo ya watazamaji. Migongo iliyolowa umande, migongo iliyobeba watoto, mgongo wa koti lililochanika likashonwa kwa uzi wa gunia. Mwenye fahali alipokuja kuchukua picha zake alikuta migongo arobaini. Alizipitia zote, moja moja, kwa heshima, kisha akauliza fahali yuko wapi.

"Huyu hapa," Mama Studio akamwonyesha. Naye fahali alikuwa mgongo.

Yule bwana aliichukua hiyo moja. Iko ukutani kwake hadi leo, na anasema hakuna picha nyingine inayoonyesha vile fahali yule alivyokuwa mpana.

Aliwaandikia pia. Katika kurasa zao za intaneti aliacha ujumbe, mmoja kwa kila mmoja, wote wenye muundo uleule: "Habari. Mimi ni mpiga picha Khayega. Nimeona kazi yako. Nina swali." Yule wa Uzi alimwuliza anatumia sindano namba ngapi. Mjapani alimwuliza kama mtu amewahi kugeuka. Hawakujibu, naye hakuchukia. Alisema mtu asiyejua kama ni mgeni wako hawezi kulaumiwa kwa kukosa kubisha hodi.

Aliyejibu ni mmoja tu, mwanamke wa nchi ya baridi kaskazini kabisa ambaye kitabuni aliitwa Mama wa Jikoni. Huyu alipiga picha za wazee wakiwa wameketi kwenye meza za jikoni mwao, na nguo zao za kila siku, na masufuria yao nyuma. Mama Studio alimwuliza, "Unawaambia nini kabla hujawapiga?" Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, akalisoma baada ya kompyuta kulitafsiri, kisha akanisomea mimi, kisha akamsomea mteja aliyekuja kufanyiwa fotokopi. "Siwaambii kitu. Nakunywa kahawa yao kwanza. Wakati mwingine mwaka mzima."

"Mwaka mzima wa kahawa," nilisema. "Nani analipa sukari?"

"Ndiyo swali nililotaka kumwuliza pia," alisema, akaandika jibu hilo kwenye safu ya maoni. Lilijaa hadi ukingoni.

Sasa nifike pale ambapo habari hii inanihusu, ingawa ningependa kupita pembeni.

Mama yangu anaishi Iguhu. Ni mwanachama wa kikundi cha akina mama kanisani, wale wenye blauzi nyeupe na vitambaa vya bluu kichwani. Mwenzake mmoja wa kikundi alifariki, na picha yake pekee ilikuwa ya kikundi chote: wanawake tisa wamesimama mstari mmoja mbele ya kanisa, blauzi tisa, vitambaa tisa, na jua limewafanya wote wakunje uso kwa namna moja. Mwana wa marehemu, aliyekuwa Nairobi, alituma picha hiyo kwa simu na kumwambia Mama Studio, "Mama yangu ni wa tatu kutoka kushoto."

Mama Studio alihesabu kutoka kushoto kwa hao wanawake.

Alitoa uso huo, akausafisha, akaupa anga la bluu na njiwa wawili. Alichapa picha kubwa ya juu ya jeneza na programu za kutosha kanisa zima, akafunga katoni, nami nikaipeleka Iguhu kwa pikipiki asubuhi ya mazishi. Katoni ilifunguliwa ibada inapoanza. Mwana wa marehemu alitazama programu, akamtazama mchungaji, lakini mchungaji alikuwa ameshafumba macho. Mazishi yana ratiba. Kila mtu aliona, na kila mtu alifikiri mwenzake ndiye atakayesema.

Mama yangu alikuwa amesimama na kikundi chake nyuma ya jeneza, kitambaa cha bluu kichwani, na juu ya jeneza alikuwa mama yangu, kitambaa cha bluu kichwani. Aliimba nyimbo zote. Walisoma wasifu wa marehemu, watu wakamtazama yule wa kwenye fremu wakalia, kisha wakamtazama yule aliye mzima na kujifuta haraka. Mjomba mmoja wa marehemu aliyetoka Likuyani, ambaye hakuwa amefika Iguhu miaka mingi, alisimama mbele ya picha akalia sana, kisha akapita kuwashika mkono akina mama. Alipofika kwa mama yangu aliushika mkono wake kwa muda mrefu. Aliondoka kabla ya chakula.

Kesho yake Mama Studio alipanda nyuma ya pikipiki yangu, amekumbatia picha mpya ya marehemu, safari hii marehemu mwenyewe, ndani ya fremu. Aliipeleka kwanza kwa wafiwa. Walimsikiliza, wakaipokea, wakamwambia pole naye. Halafu tukaenda nyumbani kwetu. Mama alikuwa anaanika mahindi. Hakusimama.

"Mulembe, mama," Mama Studio alisema.

"Mulembe."

"Mimi ndiye nimekosa. Nilihesabu kutoka kushoto kwenu."

"Nimesikia. Kijana wangu amenieleza usiku... hapana, ni asubuhi. Amenieleza mara mbili." Mama aligeuza mahindi. "Mimi sijakasirika kwa kuliliwa. Wamelia vizuri, na wengine sikujua wananipenda. Lakini mwenzangu amezikwa na uso wangu. Yeye ameenda bila wake, na mimi wangu umeenda naye. Ni kosa namna gani hilo, Mama Studio?"

"Sijui jina lake."

"Basi usinipige picha tena. Hata siku nikifa."

Hakutukaribisha chai. Kwa mama yangu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko maneno yote. Programu yake aliitumia kuwashia moto jioni ile. Mimi nilibaki na moja, kwa sababu ilikuwa picha pekee ya mama yangu niliyowahi kuwa nayo.

Mama Studio aliporudi aliondoa makoti yote matatu kwenye kompyuta. Alisema hatatengeneza tena picha ya aliyekufa. Atawapiga wazee wangali hai, kwao, na nguo zao, bila malipo, familia zikae na picha mapema. Alinionyesha Mama wa Jikoni kitabuni. "Huyu hangojei mtu afe," alisema. Lilikuwa wazo zuri, na lilimharibia jina ndani ya mwezi mmoja. Watu waliona mpiga picha wa mazishi anaingia boma la mzee na kamera, wakaelewa walivyoelewa. Huko Shinyalu familia moja ilipoambiwa Mama Studio anakuja Ijumaa kumpiga babu yao, ilipiga simu kila upande. Tulipofika tulikuta hema, viti vya kukodi, sufuria kubwa za obusuma, ugali wetu, ingokho watatu, yaani kuku, wameshachinjwa, na wajukuu kutoka Nairobi wamevaa nyeusi. Babu alitoka chumbani na mswaki mdomoni, akauliza ni nani amekufa. Alitazama kuku, akatazama hema, akasema kwa kuwa wote wamekuja basi wale, akaketi kwenye kiti cha mbele. Alikataa kupigwa picha. Alisema tungoje kwanza chakula kishuke tumboni, na hakijashuka mpaka leo.

Wazee wengine walikuwa na jibu moja, na nililisikia mara nyingi hadi nikawa nalijua kabla halijatoka: "Kwanza mpige yule wa Iguhu uliyemzika. Akikubali yeye, utanikuta hapa."

Hapo ndipo kazi yake iliposimama. Mlangoni kulikuwa na wateja wa pasipoti na wa fotokopi, lakini kitu alichokuwa amekiona kitabuni, akakitaka, kilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja anayeanika mahindi. Alinituma mara tatu kwa mama. Mara ya kwanza mama alisema hapana. Mara ya pili alisema alishaniambia hapana. Mara ya tatu aliniuliza kama siku hizi nina kazi nyingine.

Nilimpelekea Mama Studio jibu. Alikuwa anakata picha. "Nikishindwa kwa mama yako," alisema, "nitavunja stuli nibaki na fotokopi. Sisemi kwa hasira. Mtu hawezi kuwapanga wageni wote hawa mezani, naye mwenyewe hajui kuingia jikoni kwa mtu."

Nilipaswa kukaa nimsaidie kufikiri. Nilikwenda Likuyani kupakia mahindi kwenye malori, kwa sababu nilisikia kuna malori.

Nilikaa huko mavuno mawili. Nililala kwenye chumba cha wapakiaji, na ukutani juu ya godoro langu nilibandika ile programu, mama yangu kati ya njiwa wawili na jina la mtu mwingine chini. Kila mpakiaji mpya aliyeingia alisoma maandishi, akanitazama, akasema, "Pole sana, ndugu." Niliitikia asante. Kueleza kungechukua siku nzima, na lori lilikuwa linangoja. Lakini baada ya pole nyingi za namna hiyo, mtu huanza kupiga simu nyumbani bila sababu. Jumapili moja nilimwambia mama nakuja Jumatano.

"Ile karatasi bado unayo?" aliuliza.

"Ninayo."

"Njoo nayo. Usiikunje."

Jumatano nilishukia Khayega kwanza. Studio ilikuwa imefungwa, kitu ambacho sikuwahi kukiona siku ya kazi. Mpinzani wa ng'ambo alikuwa kwenye kizingiti chake. "Ameenda Iguhu," alisema. "Anaendanga Jumapili moja, anaruka moja. Sijui kwa nini leo Jumatano. Ameniachia wateja wake, nami sijui kuwahadithia mambo ya Japani, wananiona mtu baridi."

Nilipofika nyumbani niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa jikoni, nyumba ile ndogo ya udongo nyuma, wanabishana kuhusu majani ya chai. Mama Studio alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mawe ya moto kama mtu wa nyumba hiyo, kikombe mkononi. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Kamera ilikuwa sakafuni ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa.

"Umekuja," alisema mama. "Huyu amekunywa chai yangu miezi kumi na minane. Jumapili ya kwanza nilimwambia hakuna maziwa. Akanywa ya rangi. Ya pili nikamwambia hakuna sukari."

"Nikanywa," alisema Mama Studio.

"Ya tatu nikachoka mimi."

"Na kamera?" niliuliza.

"Hakuja nayo hata siku moja. Leo nimemwambia aje nayo, maana wewe unakuja na karatasi. Ilete."

Niliitoa kwenye begi. Ilikuwa na alama ya gundi kwenye pembe nne. Mama aliifuta kwa kanga, akaitazama kwa muda, akakaa kwenye stuli yake karibu na mlango ambapo mwanga huingia. Hakubadilisha nguo. Alikuwa na ile sweta ya kijani iliyoisha viwiko, na unga kidogo mkononi. Aliishika programu kifuani kwa mikono miwili, uso wa karatasi ukitazama mbele, uso wake juu yake.

"Hivi," alisema. "Nikiwa nimemshika. Aonekane yeye na jina lake, na mimi nionekane kwamba ni mimi."

Mama Studio alipiga goti moja kwenye vumbi la jikoni. Alitazama kupitia kamera, akasema kwa mazoea, "Geuka kushoto kidogo."

Mama hakugeuka.

"Kushoto kwa nani?" aliuliza.

Moto ulilia kidogo. Mama Studio aliteremsha kamera akamtazama kwa macho yake mwenyewe.

"Kwako, mama," alisema. "Kwako."

Mama akageuka. Picha ilipigwa mara moja tu. Hakuomba ya pili.

Baadaye, tukimaliza chai, nilisema jambo la kijinga, kwamba sasa angalau kuna picha ya kutosha siku ikifika. Mama aliniangalia kama mtu aliyeharibu chai.

"Ya mazishi ninayo tayari," alisema. "Ile ya njiwa. Mtabadilisha jina tu. Hii ya leo ni ya nyumba."

Wiki ile ile wazee wawili wa Shinyalu walituma ujumbe kwamba wako, na kwamba chai ipo. Sikumsindikiza Mama Studio huko; nilikuwa nimesikia habari za daraja linalojengwa upande wa Busia. Lakini nilipitia studio kuaga. Alikuwa amechapa picha ya mama yangu, saizi ya pasipoti, kwenye pembe ya karatasi ya mteja fulani aliyekuwa anaomba kazi. Nilimwambia hii ingestahili karatasi nzima. Akasema karatasi nzima iko Iguhu ukutani, na hapa kila mgeni anapata nafasi moja.

Alikuwa ameibandika kitabuni, mstari wa mwisho wa ukurasa, chini ya Mama wa Jikoni. Jina, la aliyepiga kama kwa wageni wote: Mama Studio. Anakotoka: Khayega. Safu ya maoni haikuwa na mwandiko wake. Alikuwa amekibeba kitabu hadi Iguhu na kumpa mama yangu kalamu, na mama, ambaye haandiki mara nyingi, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari: SAFARI HII AMEHESABU VIZURI.

Mama Studio alisoma maoni hayo tena, kana kwamba kuna uwezekano yamebadilika. Kisha akachukua kalamu ya bluu, akaligeuza daftari limwelekee, na kwenye safu ya nne, iliyokuwa tupu tangu ukurasa wa kwanza, akaweka sahihi.